Nani ananunua picha ya maji?

Mi nimezaliwa Tanga, nimekulia Ngamiani, na mpaka natimiza miaka 21 nilikuwa sijui maji ya bahari yanatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Najua kuna wazee wa uvuvi pale Deep Sea wakisoma hii watasema mtoto wa pwani gani huyu, ila ndo ukweli wenyewe, wengi wetu wa Ngamiani bahari tunaiona sikukuu ya Idi na Jumapili mojamoja tukienda Raskazone kula mihogo na kupiga selfi, zaidi ya hapo bahari ni ile harufu inayokuja jioni upepo ukigeuka. Kamera ndo imenirudisha majini, na imenirudisha kwa aibu.

Kamera yenyewe ni Canon 1300D, toleo la 2016, nimeichukua mkononi kwa bosi wangu wa studio kwa laki nne, nimelipa kwa kukatwa posho miezi mitano. Ina ile lenzi inayokuja nayo ya 18-55, raba ya kushikia imeanza kubanduka nimeigandisha na supaglu, na ukiiwasha inakaa kidogo kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Pale studio kazi yangu ni kushika taa, kubeba stendi, kupiga pasipoti saizi za watu wanaotafuta kazi, na wikiendi kuzunguka na harusi. Nishapiga singo, kesha, sendofu, mahafali, nishapiga keki nyingi mpaka nikiona krimu tumbo linakataa. Sidharau, hiyo ndo inalipa bando na nauli, ila tangu nimeishika hiyo kamera moyo wangu uko nje, kwenye ngalawa, kwenye mikoko, kwenye mkonge njia ya Muheza, kwenye ukungu wa milima ya Amani, sehemu ambazo hakuna mtu anakwambia ngoja nijipake poda kwanza.

Nilipomwambia bi mkubwa kwamba nataka hiyo ndo iwe kazi yangu ya maisha aliacha kukuna nazi, akaniangalia, akasema, "Haya. Mwenye harusi ananunua picha ya harusi. Sasa mwanangu, picha ya maji nani ananunua?"

Sikuwa na jibu, nikaanza kumsimulia habari za Mohamed Amin. Kwamba alizaliwa Nairobi 1943, akakulia Dar es Salaam, akaanza na kikamera cha mtumba cha Box Brownie akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1963 akafungua kampuni yake ya Camerapix hapohapo Dar, na picha alizozileta za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zikaitikisa dunia nzima. Bi mkubwa alisikiliza vizuri kabisa, akauliza, "Na sasa hivi yuko wapi?" Hapo nikababaika, maana Mo Amin mkono mmoja uliondoka kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa 1991, na yeye mwenyewe akafariki 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia majini Komoro. Nikasema alishatangulia mbele ya haki. Bi mkubwa akarudi kwenye nazi yake.

Sasa aibu yenyewe. Mwalimu wangu alikuwa YouTube, na jamaa wote wa YouTube wanasema kitu kimoja, picha za nje unapiga goldeni awa, ile saa ya kwanza jua linapotoka na ile ya mwisho linapozama, mchana kamera weka kabatini kalale. Nikaliamini hilo kama aya. Nikawa naamka saa kumi usiku, nashika baiskeli, tochi mdomoni, naenda zangu ufukweni Mwambani kabla hata adhana haijaisha, mbwa wananikimbiza njia nzima.

Kitu cha kwanza nilichogundua, huku kwetu hiyo saa ya dhahabu wala sio saa. Wale jamaa wengi wanapigia Uingereza, sijui Norway, jua lao linapanda kwa mshazari, linatambaa pembeni pembeni, dhahabu inakaa mpaka unachoka mwenyewe. Tanga tuko kama digrii 5 tu kusini ya ikweta, jua linatoka wima kama mtu kachelewa kazini. Unabadilisha setingi, unafuta kioo, ukiinua kichwa limeshakuwa kali. Ule mwanga mtamu kabisa kwa hesabu yangu unaupata kama nusu saa, na ule wakati wa buluu kabla jua halijatoka ni dakika ishirini na kitu, ukipata pancha njiani imekula kwako.

Cha pili ndo kilichoniumiza. Mi nilichokuwa nakitaka ni zile picha za maji yaliyotoka, mchanga umejikunja kama bati, vidimbwi vinang'aa, kina mama na ndoo zao wanatembea kwenda mbali mpaka wanakuwa kama njiti za kiberiti. Nimewahi kuona picha kama hizo nikasema lazima nami nipige. Nikifika, maji yako kwenye mizizi ya mikoko. Nikija tena, yametoka kidogo, hatua arobaini hivi, matope matupu. Mara ya tatu vilevile. Mara ya nne nikakaa juu ya ngalawa moja iliyopinduliwa nimenuna kama nimefiwa, pembeni kuna mzee anashona nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepoteza nini, maana nakuona kila siku unakuja unaangalia maji unaondoka."

Nikamweleza. Akauliza, "Leo mwezi ngapi?" Nikamjibu mwezi wa nne, tarehe kumi na tisa. Huyo mzee alicheka mpaka sindano ya nyavu ikamdondoka. "Sikuulizi mwezi wa ofisini mie. Mwezi," akanyoosha kidole juu, ambako wala haukuwepo, "mwezi huu."

Basi nikakaa pale mpaka saa tatu nafundishwa kama mtoto wa chuo. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani kwenye mwezi mosi na mwezi kumi na tano wa Kiislamu na siku mbilitatu baada ya hapo, ndo bamvua, maji yanajaa kwelikweli na yanatoka kwelikweli, kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Ukienda kwenye mwezi saba nane, na ishirini na mbili ishirini na tatu, ni maji mafu, bahari inasogea kama haitaki. Na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ukiijua ya leo ya kesho unaijua. Haya yote nilikuwa nayaona kwenye aplikesheni ya simu lakini kama namba tu, hayana maana.

Halafu akanimalizia na hii. Siku za bamvua huku kwetu maji yanakauka saa nne, saa tano asubuhi. Huwezi kuyakuta yamekauka alfajiri siku ya bamvua, na zile siku yanazotoka alfajiri ni karibu na maji mafu, ndo hayo ya hatua arobaini niliyokuwa nakutana nayo. Yaani picha zote nilizokuwa nazitafuta zipo, kila mwezi mara mbili, saa ileile ambayo YouTube wameniambia nikalale.

Nilirudi nyumbani nikikanyaga baiskeli polepole. Miezi miwili ya kuamka saa kumi.

Bamvua iliyofuata nikaenda, saa tatu na nusu niko pale na jua la kichwa. Wallahi bahari ilikuwa imeondoka. Nikatembea, nikatembea, nikafika kwenye fungu la mchanga huko mbali nikalala kifudifudi napiga kaa wadogo wanaotoa matope shimoni, nimezama kabisa kwenye kioo. Jamani maji yakirudi hayaji kwa mbele kama wimbi la kwenye filamu. Yanazunguka nyuma yako. Yanajaza mkondo kwanza, wewe uko kwenye fungu unajiona mkavu una raha zako, unageuka unakuta kati yako na mikoko kuna mto. Na yanaanza kivivu, saa ya kwanza huyaoni, ya tatu na ya nne ndo yanakimbia. Nikaweka begi kichwani, simu nimeiuma kwa meno ndani ya mfuko wa mkate, maji kifuani, miguu inatafuta chini. Mama mmoja akanipita kwa kulia na ndoo ya chaza kichwani, maji kwake yako kiunoni tu, wala hana haraka. "Pita huku baba," akasema, "huko kuna shimo." Hata hakunicheka, na hiyo ndo iliniuma zaidi.

Kamera ilipona. Nilivyofika niliifuta kwa kitambaa kilicholowa maji baridi halafu kikavu, maana chumvi ukiiacha ikaukie inakula. Na hapohapo niseme kitu kimoja kuhusu Tanga, adui wa lenzi huku hata sio mchanga, ni unyevu. Lenzi moja ya studio iliachwa kwenye begi la ngozi masika nzima, ilipotolewa ndani kuna kuvu kama utando wa buibui, ikawa imeisha. Mi kamera nalaza kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vile vipakti vya silika vya kunyonya unyevu wanavyoweka kwenye maboksi ya viatu, wauza viatu wa Ngamiani wananijua sasa, nikipita wananirushia.

Haya, tuseme umejua maji. Bado kuna jua la saa nne, na hilo sio mchezo. Picha zangu za kwanza za bamvua zilikuwa mbaya hadi huruma, mchanga kijivu, nyuso nyeusi kama mkaa, mbingu imeungua. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kamera inadanganywa na weupe, ikiona mchanga mweupe mwingi inadhani mwanga umezidi inatia giza, kwa hiyo inabidi wewe uiambie pandisha, stopu moja (stopu ndo kipimo chetu cha mwanga), wakati mwingine moja na nusu, huku unaangalia ile grafu ya vilima inayoonyesha mwanga wa picha isigonge ukuta wa kulia. Na mbingu ikiungua? Kama mbingu haina kazi kwenye picha naiacha iungue, mi nimekuja kwa ajili ya mtu. Kama ina kazi basi naacha uso uwe kivuli, mtu anakuwa umbo tu. Vyote viwili kwa pamoja saa tano hupati, na napiga RAW, lile faili ghafi la kamera, siku zote ili nikifika nyumbani niweze kuvuta vivuli kidogo bila picha kuwa kama imepakwa unga.

Halafu nikagundua jambo ambalo sijaliona kwenye video yoyote. Mtu akiwa amesimama jua linamchinja, chini ya macho mashimo, pua inatia kivuli mdomoni. Akiinama, uso wake unaingia kwenye kivuli chake mwenyewe, na mchanga ule uliolowa unamrudishia mwanga kwa chini, laini kama wa dirishani. Mchanga ndo rifleka. Kubwa, ya bure, inatoka hapo hadi Pangani. Na kina mama wa majini kazi yao yote ni ya kuinama, kwa hiyo cha kufanya ni wewe kushuka chini, piga magoti, lowa, acha ubishoo. Nikaongeza filta ya polaraiza ya milimita 58, elfu thelathini na tano imetoka Kariakoo na basi, ukiizungusha mng'ao wa juu ya maji unakatika unaona mpaka chini. Inakula mwanga, stopu moja na nusu hivi, lakini kwa saa nne ya Tanga mwanga ndo kitu pekee tulichonacho kingi kuliko nazi.

Yule mzee wa Mwambani ndo akaniambia kama unataka watu wanaoinama nenda Kigombe kwa dada yangu, analima mwani. Kigombe ni njia ya Pangani, unapita Tongoni kwenye yale magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo (nako nimeshapiga, ila kila mtu kapiga). Nikafika, nikajitambulisha kwamba nimetumwa na kaka yake, nikamwita shangazi na shikamoo zote, kamera shingoni. Akaitikia vizuri halafu akasema, "Weka chini hicho kwanza. Njoo ushike kamba."

Siku ya kwanza sikupiga hata moja. Nimeshika kamba tangu saa tatu na nusu hadi maji yaliporudi. Shamba la mwani kwa asiyejua ni hivi, vinapigwa vigingi kwenye mchanga, safu kwa safu, kamba inavutwa toka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba kunaning'inizwa vipande vya mwani kwa vikamba vidogo wanaviita taitai, kimoja kimoja, kwa mkono. Wiki sita hivi unavuna, unaanika, unauza, na ule uliobaki unakatwa unafungwa tena. Kuna spinosamu, mwembamba, mgumu wa maisha, na kuna kotoni, mnene, una bei nzuri ila maji yakipata joto unaugua unakuwa mweupe unakatika. Huo mwani ukishapita viwandani huko nje unatolewa kitu cha kugandisha kinachoingia kwenye aiskrimu na dawa ya meno, asubuhi unapiga mswaki na jasho la mtu wa pwani. Zanzibar ndo walianza kuulima kibiashara kwenye 1989 ukasambaa mpaka huku bara.

Jioni vidole vyangu vimechanika nikauliza kwa nini hakutaka nipige. Akasema, "Mwanangu, wanakuja wengi hapa. Wanatupiga, wanatwambia asante mama, wanaondoka, waja leo waondoka leo. Hatujawahi kuziona hizo picha. Mie hata sijui humo ndani nafananaje." Nikamwahidi kila nitakayempiga nitamletea yake, ya karatasi, maana WhatsApp yenyewe simu janja pale ilikuwa moja na ni ya mjukuu. Akasema tutaona.

Nimeenda Kigombe bamvua tano mfululizo. Kati ya hapo kuna mambo mengi ya kijinga yametokea ambayo sitayasimulia yote, askari mmoja wa geti moja mjini alinifutisha picha nzima za siku kwa sababu nyuma ya ngalawa kulikuwa na sehemu isiyopigwa picha, na kiukweli nilikuwa na kosa, ukiona geti na mtu mwenye sare uliza kwanza. Ila hili la hoteli nalisema maana bado linaniwasha.

Kuna hoteli moja ya ufukweni, siitaji. Mwaka juzi nilipiga ngalawa mbili jioni, tanga limeshika jua, nikaiweka Instagram na jina langu pembeni kwa herufi ndogo. Mwezi mmoja baadaye rafiki yangu ananitumia tangazo lao, picha ileile, wameikata pembeni jina likaondoka, juu wameandika bei ya chumba. Nikawaandikia kwa adabu zote. Wakajibu, "Picha nzuri sana kaka, tutakutegi." Kunitegi! Nikasoma mpaka nikaelewa kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda picha kama inavyolinda wimbo, na haki inaanza pale unapoipiga, haisubiri uisajili. Nikawaandikia tena nikataja sheria, nikataja COSOTA, wale wa hakimiliki, nikawaambia faili la RAW ninalo. Picha ikashushwa usiku uleule, hela hakuna, na namba yangu wakaibloku. Tangu hapo RAW sifuti hata ya picha mbovu, na naweka picha ndogo mtandaoni, kubwa inabaki nyumbani.

Lakini nikiwa mkweli lile lilinikuta pia kwa sababu mi mwenyewe nilikuwa sijawahi kutaja bei ya picha ya nje. Harusi kuna bei, kila mtu anaijua, unataja wanapunguza mnakubaliana. Picha ya bahari ukiulizwa bei gani unaona haya, kama unauza kitu ambacho Mungu kaweka bure.

Kwa hiyo pale jamaa mmoja anayesaidia vikundi vya kina mama wa sabuni ya mwani aliponiandikia WhatsApp kwamba kaona kazi zangu za Kigombe, wanataka picha za kuweka kwenye maboksi ya sabuni na kwenye ukurasa wao, bei gani, mi nikazima data. Kweli kabisa, nilizima data nikaenda kunywa chai. Nikarudi, nikaandika elfu hamsini, nikafuta. Nikaandika laki tatu, nikafuta haraka kama nimetukana. Bosi wangu wa studio ndo akaniambia mjinga wewe, hesabu. Nauli za Kigombe, siku ulizokaa, siku za kuediti, betri, halafu juu yake weka bei ya wao kuitumia, kwenye nini na kwa muda gani. Nikaandika picha 10, matumizi mwaka mmoja, maboksi na mtandao tu, laki moja na elfu themanini.

Akajibu "sawa" hata sekunde tano hazijapita. Ndo nikajua nimejipunja.

Kwenye kuchagua sasa. Nilimpelekea picha 40, na mwanzoni kabisa nikatanguliza zangu nne za alfajiri za Mwambani, mbingu rangi ya embe bivu, nilizoziamkia kwa miezi miwili. Akasema nzuri, ila hizi ziko kwenye simu ya kila mtu. Akashuka chini, akaenda kuchagua moja ambayo nusura niifute. Imepigwa saa tano kasoro. Mikono miwili tu, haina uso, inafunga taitai. Kucha zimepauka kwa chumvi, kidole gumba kimekandamiza kipande cha mwani, kamba imepita katikati ya vidole viwili kama sigara, na tone moja liko kwenye ncha ya fundo linataka kudondoka. Kivuli cha kofia kimeshuka juu yote, mwanga unatoka chini kwenye mchanga. Mi nilikuwa naiona kama picha ya mazoezi. Hiyo ndo ikakaa mbele ya boksi.

Hela ilipoingia nikampelekea bi mkubwa elfu hamsini na nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamwambia unaona, umeniuliza nani ananunua, huyo kanunua. Akavaa miwani. Akaiangalia muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, akairudisha.

"Hii mikono," akasema. "Maji yako wapi? Si nilikwambia picha ya maji hakuna anayenunua."

Ila hela alichukua.

Jumamosi iliyopita nikapeleka deni Kigombe. Nimeziprinti pale studio, bosi kanifanyia mia tano moja, zote thelathini na mbili, nimeziweka kwenye bahasha ya khaki. Harusi bado nafanya na nitaendelea kufanya, nataka lenzi ya 50 mwaka huu nikijaliwa, na nauli ya Amani, kwa hiyo keki zitaniona sana. Lakini pale chini ya mti wa mkungu, kina mama wametoka majini wamekaa, picha zinazunguka mkono kwa mkono zinalowa, mtu anajicheka, mtu anamcheka mwenzie, mmoja kaficha yake kwenye kanga kabisa hataki wenzie waione, mi nilikuwa nimekaa pembeni najifanya nafuta lenzi.

Nikampa shangazi ile ya mikono, nimeitoa kubwa kidogo, nikamwambia shangazi hii ndo iko kwenye boksi, mikono yako hii. Akaishika mbali na macho, akaigeuza, akatikisa kichwa.

"Sio yangu."

Nikamwambia shangazi ni yako, nakumbuka nilikuwa nimepiga magoti mbele yako.

"Sio yangu. Angalia fundo. Hili fundo la wifi yangu, yeye anafunga kwa kushoto." Wenzie wakainamia, wakasema eh, la wifi hilo, mwone anavyolivuta. Wifi mwenyewe siku hiyo hakuja, ana mgonjwa. Mi ambaye nimeikodolea macho hiyo picha wiki nzima kwenye kioo, nimeikuza hadi vinyweleo, sikuona kama ni mkono wa kushoto.

Akaifuta mchanga kwa kanga akanirudishia. Akasema nimtolee nyingine ya wifi yake, kubwa, iwe na fremu na kioo, aitundike ukumbini, nimletee bamvua ijayo. Bei hakuniuliza. Na mimi sikumtajia.